Daftari la Walioumia Shambani

Juma hili hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya vibarua wetu, na juu ya daftari ambalo mkulima aliyeajiri hata watu wawili tu hana budi kuwa nalo.

Najua mtasema, "Bwana shamba, hayo ni mambo ya mashamba makubwa ya mkonge." La hasha. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, haitazami ukubwa wa shamba. Ukimwajiri mtu kwa ujira, wewe ni mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri anatakiwa ajiandikishe huko na atoe mchango (tena usiukate katika ujira wa kibarua, huo ni wako wewe), na mtu akiumia kazini aupe Mfuko taarifa katika muda wa siku saba tangu apate habari. Siku saba hizo zitakupita huku bado unatafuta jina kamili la mtu uliyezoea kumwita Baba Chausiku.

Basi chukua daftari la kawaida la shule. Mtu akiumia, andika siku hiyo hiyo: tarehe na saa, jina lake kamili na umri, alikuwa akifanya kazi gani, kwa chombo gani, ameumia wapi mwilini, nani aliona, na amepelekwa zahanati gani. Acha nafasi ya kujaza baadaye siku alizokosa kazi. Usiandike "ameumia mkono." Andika "vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa na mkanda wa mashine ya kupukuchulia mahindi." Siku ya fidia, maneno hayo ndiyo yatakayomsaidia mwenzako aliyebaki na vidole vitatu. Na yatakusaidia hata wewe, maana miezi sita baadaye watu huanza kubishana kama aliumia kwako au kwake.

Jeraha dogo nalo liandike. Mtu aliyechomwa na mwiba au kukatwa na jembe lenye udongo anaweza kupata pepopunda, na ugonjwa huo kwa kawaida hutokea kati ya siku ya tatu na ya ishirini na moja. Wakati huo kidonda kimekwisha kufunga, na mwenyewe amekisahau.

Magonjwa ndiyo yanayotuponyoka zaidi. Nitawapa mfano wa tumbaku, na wenzetu wa Urambo na Sikonge watanielewa. Kibarua anachuma majani mabichi asubuhi, yakiwa na umande. Jioni ana kichefuchefu, anatapika, kichwa kinamzunguka. Watu wanasema malaria, au kwamba alikunywa pombe jana. Kumbe ni nikotini iliyoyeyuka katika umande na kupita kwenye ngozi yake. Ukiwa na daftari, utafungua kurasa uone watu wanne wameugua hivyo hivyo, wote siku za umande au mvua, wote wakichuma. Hapo utajua la kufanya: subirini majani yakauke, vaeni mikono mirefu na glavu, na nguo zikilowa zibadilishwe. Bila maandishi, kila mmoja ni mgonjwa wa peke yake.

Dawa za kuua wadudu ni hivyo hivyo. Aliyenyunyiza akianza kutoka jasho jingi na mate, na mboni za macho zikawa ndogo, mkimbize hospitali na uchukue kibandiko cha dawa hiyo. Mganga atataka kujua ni dawa gani. Nakili jina lake katika daftari pia.

Mtaniuliza juu ya jirani aliyekuja kwa ujima, asiyelipwa. Huyo si mwajiriwa wako, lakini mwandike vilevile. Wino hauna gharama.

Jambo moja linaniudhi: mkulima kumpa kibarua fedha kidogo ili anyamaze. Fedha hiyo inakwisha kwa juma moja, na kidole hakirudi.

Ukishaandika, msomee aliyeumia maneno yako. Kama hakubali, liandike na neno lake. Kisha atie sahihi au alama ya dole gumba, na shahidi naye atie yake. Fomu ya Mfuko jaza kutoka daftarini humo, ubaki na nakala, na daftari liweke ndani, mbali na mvua na watoto.