Kompyuta ikeshe, mtoto alale

Saa nane za usiku feni ya kompyuta bado inavuma sebuleni, na kijana wa kidato cha pili amekaa mbele ya skrini. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu: “Nasubiri picha iishe.” Wazazi wengi watadhani ni michezo ya kompyuta, au jambo baya zaidi. Lakini huenda kijana anasema kweli.

Zipo picha ambazo hazipigwi kwa kamera wala hazichorwi kwa mkono, bali hutokana na hesabu tupu. Zinaitwa fraktali. Ni maumbo ambayo ukikuza kipande kidogo unakuta kinafanana na umbo zima. Hata mwili una tabia hiyo: njia ya hewa inayoingia mapafuni hugawanyika matawi takriban mara 23 kabla ya kufika kwenye vifuko vidogo vya hewa.

Jina fraktali lilitolewa mwaka 1975 na mwanahisabati Benoit Mandelbrot, mzaliwa wa Poland. Mwaka 1980 alitumia kompyuta za kampuni ya IBM kuchora umbo ambalo leo linaitwa seti ya Mandelbrot. Siku hizi kazi hiyo inafanyika nyumbani, kwa programu za bure kama XaoS.

Kwa nini usiku mzima?

Picha imeundwa kwa nukta. Kwa kila nukta, kompyuta huchukua namba, huizidisha kwa yenyewe, huongeza namba ya nukta ile, kisha hurudia tena na tena. Namba ikikua kupita kiasi, nukta hupewa rangi. Isipokua, kompyuta hurudia mpaka ifike kikomo ilichowekewa, labda mara 1,000, ndipo ipake nyeusi. Kwa hiyo sehemu nyeusi ndizo zinazokula muda zaidi.

Picha ya kujaza skrini ya simu ina nukta kama milioni 2. Picha ya kuchapisha kwenye karatasi ya A1 na kutundika ukutani, kwa nukta 300 kwa kila inchi, ina karibu nukta milioni 70. Ili kingo zisiwe na meno meno, kila nukta hukokotolewa mara nne na kuchukuliwa wastani. Hapo inakuwa milioni 280.

Muda unajulikana mapema

Kinachomkesha mtoto mara nyingi ni hofu: rangi zitatoka vibaya, au umeme utakatika. Zote zina dawa.

Kwanza, atengeneze picha ya majaribio yenye upana na urefu wa sehemu moja ya kumi. Kazi yake ni sehemu moja ya mia. Akiridhika na rangi, azidishe muda uliotumika kwa 100. Ikiwa ni dakika 2, picha kubwa itahitaji dakika 200, yaani zaidi ya saa 3. Akitaka kingo laini, azidishe tena kwa nne: zaidi ya saa 13. Hakuna haja ya kukaa kuitazama.

Pili, ahifadhi faili la vipimo vya picha na rangi zake. Ni faili dogo sana, na umeme ukikatika picha inaweza kutengenezwa upya ileile. Programu ikiruhusu, aigawe picha vipande na kuhifadhi kimoja kimoja. Picha iliyokamilika ihifadhiwe kwa PNG, kwa kuwa JPEG hupunguza ubora.

Joto na umeme

Kompyuta inayokokotoa usiku kucha hupata joto. Iwekwe juu ya meza, isiwekwe kitandani wala kwenye mto, na kile kitambaa cha kuzuia vumbi kiondolewe. Matundu ya hewa yasafishwe. Ikizidi joto, hupunguza kasi yenyewe na kazi huchelewa zaidi.

Gharama inahesabika. Kompyuta mpakato inayotumia wati 60 kwa saa 13 hula uniti 0.8. Kompyuta ya mezani ya wati 200 hula uniti 2.6. Mtoto apewe hesabu hiyo aifanye mwenyewe kabla ya kuanza.

Usingizi hauna mbadala

Wataalamu wa tiba ya usingizi wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Mwanga wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

Kwa hiyo mzazi, usikimbilie kuchomoa waya. Wekeaneni utaratibu: majaribio yafanyike jioni, picha kubwa ianzishwe kabla ya muda wa kulala, skrini izimwe huku kompyuta ikiendelea na kazi, na mashine ikae sebuleni, si chumbani kwa mtoto. Na ukipata nafasi, mwambie akueleze hesabu ile ya kurudia. Akiweza kuielezea vizuri, picha hiyo inastahili ukuta.