Homa baada ya kuumwa na kupe huenda isiwe ya kupe

Bwana mmoja wa makamo alinijia akiwa na homa ya siku 5. Alikuwa amekaa Narok wiki 2 akiangalia ng'ombe wake, na alinionyesha pajani mahali alipomng'oa kupe. Kichwa kilimuuma, viungo vilimlegea, na kifuani alikuwa na vipele vichache. Damu haikuwa na malaria. Nakiri kwamba nilikubali ni kupe, nikampa doksisaiklini.

Homa ya kupe ipo nchini. Vitabu vya zamani viliiita taifasi ya kupe ya Kenya, jina linalochanganywa kwa urahisi na taifodi. Mara nyingi kupe huacha kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, na dawa hiyo huleta nafuu kwa siku 2 au 3. Mgonjwa wangu hakuwa na kigaga. Siku ya tatu alirudi tumbo limejaa, joto likiwa digrii 40.

Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya mwanzo: kutoa damu ioteshwe. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa penye joto kama la mwili. Viini vya homa ya kupe huishi ndani ya chembe za mwili, kwa hivyo havioti humo. Vya taifodi huota. Baada ya siku 2 maabara ilinipigia simu: ni taifodi. Tulimlaza na kumdunga seftriaksoni. Angekaa wiki nyingine bila tiba ya kufaa, utumbo ungeweza kutoboka.

Msomaji, ukitolewa damu hii usishtuke kwa wingi wake. Chupa moja ya mtu mzima huhitaji takriban mililita 10, na hata hivyo taifodi huweza kukosekana. Itolewe kabla hujameza dawa ya kuua bakteria. Kama ulikwisha kununua vidonge dukani, sema. Kipimo cha Widal peke yake hakitoshi.

Lakini vipele vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza kwa gilasi ni jambo jingine. Kwa ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope. Viini vya homa ya uti wa mgongo vikiingia damuni huua kwa saa chache. Kimbia hospitalini saa hiyo hiyo. Tiba haingojei maabara.

Bwana yule alipopona aliniuliza kama ni yale maji ya kisima aliyokunywa bila kuchemsha. Nilikuwa nimemuuliza habari za ng'ombe, nyasi na mbwa. Maji sikuyauliza.