AC ya gari haipoozi? Usikimbilie kujaza gesi

Ni adhuhuri ya msimu wa kaskazi. Toyota Noah imetoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume ikiwa na wageni wanne na mabegi yao, safari ni ya Nungwi, kilomita zipatazo 60 kaskazini mwa Unguja. Kabla ya kufika Mahonda, upepo unaotoka kwenye dashibodi umekuwa vuguvugu. Dereva anafungua vioo, vumbi na joto vinaingia, na wageni wanaanza kutazamana.

Kwa mwenye gari hilo si suala la starehe. Hoteli au wakala anayempa kazi akisikia malalamiko mara mbili, atatafuta gari jingine. Ndiyo maana asubuhi yake gari hupelekwa kwa fundi mbio mbio, na jibu la kwanza linalosikika katika gereji nyingi ni moja: "Gesi imekwisha, tujaze."

Gesi inajazwa, baridi inarudi siku chache, kisha joto ni lile lile. Baada ya kujaza mara tatu mwenye gari anaambiwa kompresa imekufa, na hapo ndipo bei inapomtoa jasho kuliko jua la kaskazi. Mara nyingine kilichoharibika tangu mwanzo ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani: vali ya ekspansheni, ambayo mafundi wengi huita "ekspensheni" tu.

Gesi haiungui kama petroli

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulijua ni kwamba gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, mwaka hadi mwaka. Ikipungua haraka, pana mahali inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kutia maji kwenye pakacha.

Mzunguko wenyewe si mgumu kuuelewa. Kompresa inaisukuma gesi kwa nguvu hadi inakuwa moto. Inapita kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, inapoa na kuwa maji maji. Kutoka hapo inafika kwenye vali ya ekspansheni, yenye tundu dogo sana. Ikishavuka tundu hilo, nguvu iliyokuwa ikiibana inashuka ghafla, nayo inaanza kuchemka ndani ya evaporeta na kunyonya joto la gari. Gesi ya R134a, inayotumika katika magari mengi yaliyopo Unguja, ikiwa haikubanwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri. Mama anayepikia mtungi wa gesi kwa moto mkubwa na kuuona mtungi ukitoka jasho amekwisha kuliona jambo hilo hilo jikoni.

Kazi ya vali ni kupima kiasi cha gesi kinachoingia. Ina kihisio kinachosikiliza joto la bomba linalotoka kwenye evaporeta: joto likizidi inafungua zaidi, likipungua inabana. Ikikwama, mzunguko wote unapoteza mizani.

Anza na visivyo na gharama

Kabla ya kuilaumu vali, yako mambo ya kuangalia bila kufungua hata nati moja.

Gari likipooza barabarani lakini likitoa joto linapomsubiri mgeni Forodhani au Malindi, tazama kwanza feni ya kondensa. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari, hivyo dereva husimama pembeni juani huku injini ikiwaka, na gari lililosimama halina upepo wa mbio wa kuipoza kondensa. Feni ikiwa imekufa au kondensa imejaa mchanga na chumvi, hakuna vali itakayosaidia. Magari yanayolala pwani, Paje au Kiwengwa, yanahitaji kuoshwa kondensa kwa maji baridi mara kwa mara.

Upepo ukitoka kidogo ingawa feni ya ndani iko juu, angalia chujio la hewa lililo nyuma ya kisanduku cha dashibodi.

Kwa Noah, Alphard, Hiace na Coaster zenye AC ya mbele na ya nyuma, kuna kipimo kingine cha bure. Magari hayo huwa na evaporeta mbili, na kila moja ina vali yake. Upande mmoja ukipooza vizuri na wa pili ukitoa joto, ni wazi kwamba kompresa inafanya kazi na gesi ipo. Kwa kiasi kikubwa tatizo liko upande ule usiopooza, na vali yake ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza.

Geji zinavyosema

Fundi wa kweli hafanyi kazi bila geji mbili. Gari likiwa limezimwa na joto ni nyuzi 30, geji zote mbili zitasoma karibu paundi 97 kwa inchi ya mraba, iwe gesi imejaa au imebaki kidogo. Kwa hiyo anayepima gari lililozimwa na kutangaza kuwa "gesi ipo ya kutosha" anabahatisha.

Injini ikiwaka na AC ikiwa ya mwisho, upande wa chini wa R134a kwa kawaida husoma kati ya paundi 25 na 45, na wa juu kati ya 150 na 250, kutegemea joto la siku. Vali iliyoziba huushusha upande wa chini hadi karibu na sifuri au chini yake, na barafu inaweza kuonekana kwenye vali yenyewe. Vali iliyobaki wazi huupandisha upande wa chini, na bomba la kurudi kwenye kompresa hulowa au kuganda. Hii ni hatari zaidi, kwa sababu maji maji hayabanwi kama gesi. Yakiingia kwenye kompresa yanaivunja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa yenyewe ndiyo iliyochoka.

Iko dalili nyingine inayowachanganya wengi: AC inapooza dakika 20, inakata, kisha inarudi baada ya kuzimwa kidogo. Hapo sikiliza upepo. Ukiwa bado mkali lakini wa moto, huenda maji yameingia kwenye mfumo na yanaganda kwenye tundu la vali. Upepo wenyewe ukififia, evaporeta ndiyo inayoganda, na chanzo chaweza kuwa kihisio cha joto au chujio lililoziba.

Kazi si kubadilisha vali tu

Kufungua vali ni kazi ndogo. Kinachofanya idumu au isidumu ni yale yanayofanywa kabla na baada yake.

Kwanza, gesi ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa, isiachiwe hewani. R134a haiharibu tabaka la ozoni kama R12, iliyoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, lakini kilo moja yake huchangia joto la dunia kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hiyo.

Pili, nati zifunguliwe kwa spana mbili ili mabomba ya aluminiamu yasijikunje. Vali ya zamani ikitoka, mwenye gari aitazame. Ikiwa na matope meusi au vipande vya chuma, kompresa inajila yenyewe, na vali mpya itaziba tena kama mabomba hayakusafishwa na kompresa haikushughulikiwa.

Tatu, oringi zote ziwe mpya, za aina ya R134a, na zipakwe mafuta ya kompresa badala ya grisi. Vali ya mtindo wa zamani yenye kihisio cha pembeni lazima kihisio hicho kibanwe sawasawa kwenye bomba na kufunikwa. Kikining'inia, vali hubaki wazi.

Nne, draya ibadilishwe. Hii ndiyo inayonyonya unyevu, na katika hewa ya Unguja hujaa haraka mfumo unapoachwa wazi.

Tano, mfumo unyonywe hewa kwa pampu kwa dakika 30 hadi 45. Kwenye nyuzi 30, maji huchemka na kutoka pale tu mgandamizo unaposhuka hadi takriban sehemu moja ya 24 ya ule wa kawaida, na hilo halifanyiki kwa dakika tano. Kisha pampu izimwe na geji iangaliwe kwa robo saa. Ikipanda, bado kuna tundu. Anayetafuta tundu kwa mgandamizo mkubwa atumie naitrojeni. Oksijeni haifai kabisa, kwani ikikutana na mafuta inaweza kuripuka.

Sita, gesi ipimwe kwa mizani kufuata kibandiko kilichomo chini ya boneti. Gari lenye AC mbili huchukua zaidi kuliko lenye moja, na gesi ikizidi baridi hupungua badala ya kuongezeka.

Jihadhari na mtungi na mafuta

Kibandiko hicho pia hutaja aina ya gesi. Baadhi ya magari mapya hutumia R1234yf, ambayo haichanganywi na R134a. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme nayo yana mafuta yao maalumu. Yakitiwa mafuta ya kompresa ya kawaida, umeme unaweza kuvuja hadi kwenye bodi.

Gesi bandia si hadithi. Mwaka 2011, makontena ya baridi yaliyotiwa gesi iliyoghushiwa yaliripuka katika bandari za Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi. Mtungi wa bei ya kutupa ni wa kuuogopa.

Onyo hili linamhusu pia anayebeba pweza na samaki kutoka Kizimkazi au Mkokotoni, na mkulima anayepeleka mboga hotelini kwa gari lenye sanduku la baridi. Sanduku hilo nalo kwa kawaida lina vali ya ekspansheni, na dalili zake hazitofautiani sana na hizi. Tofauti ni gesi: mengi hutumia R404A. Na kwake vali ikikwama, kinachopotea ni mzigo mzima.

Hesabu ya mwenye gari

Kabla ya kukabidhi ufunguo, muulize fundi maswali matatu: geji zimesoma ngapi injini ikiwaka, draya itabadilishwa, na gesi itapimwa kwa mizani? Asiyekuwa na majibu bado hajajua gari linaumwa nini.

Kisha chukua daftari. Andika fedha za kujaza gesi mara tatu, jumlisha siku ambazo gari lilikaa gereji na safari zilizokwenda kwa wengine. Weka pembeni bei ya vali, draya, oringi na kazi ya siku moja iliyofanywa kwa utaratibu. Kaskazi huanza karibu na Disemba, wageni wakiwa wengi. Wakati mzuri wa kufanya hesabu hiyo ni mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha.