Maji ya Bitiruti: Kwa Kipimo, Si kwa Kubahatisha

Ndugu mkulima, je, bitiruti za bustani yako zimepasuka, au ukizipika huwa ngumu kama kuni? Usilaumu mbegu kwanza. Mara nyingi kosa ni la maji. Mmea huachwa na kiu siku nyingi, kisha humwagiwa maji mengi siku moja. Mzizi uliodumaa hunenepa kwa ghafla, ukapasuka.

Wengine hunyunyiza kidogo kila jioni. Maji hayo hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi haishuki chini.

Fanya hivi. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 hutaka karibu lita 100 kwa wiki, yaani madebe 5 ya lita 20. Mvua ikinyesha, punguza. Mwaga nusu Jumatatu na nusu Alhamisi. Udongo wa mchanga ugawie mara 3. Mwagia asubuhi, chini ya majani, kwa maana majani yakilala na maji huingiwa na ugonjwa wa madoa. Kwanza ingiza kidole udongoni: ukikuta unyevu mpaka kwenye ncha ya kidole, ngoja.

Kabla mbegu hazijaota, nyunyiza kidogo kila siku, udongo usigande. Miche ikiinuka, tandaza nyasi kavu kati ya mistari ili unyevu ukae.

Kumbuka, kila debe limetoka mtoni kwa mgongo wa mtu wa nyumbani mwako. Lisipotee bure.