Binti wa Kongwa na Sheria ya 1971

Yako maneno ambayo kijana akiyasema mbele ya wazee huambiwa amekosa adabu. Ndugu Rebeca Gyumi, mwanasheria mzaliwa wa Dodoma, ameyasema hadharani kwa miaka mingi: kwamba mahali pa mtoto wa kike ni darasani, na kwamba sheria imruhusuyo kuolewa akiwa na miaka 15, huku ikimtaka mvulana angoje hata atimize 18, ni sheria ya ubaguzi. Wanachama wengi wa mkoa huu wamelisikia jina lake. Waliokwisha kuyapima maneno yake ni wachache, nasi leo twataka kuyapima kwa mizani ya Kongwa.

Sheria yenyewe ni ile ya Ndoa, ya mwaka 1971, iliyotungwa zama za TANU. Ilikuwa kazi kubwa, maana iliziweka ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali chini ya sheria moja. Lakini kifungu cha 13 kiliacha mlango wazi: msichana aolewe akiwa na miaka 15, na kwa ruhusa ya mahakama hata 14. Kifungu cha 17 kikamkabidhi baba idhini ya ndoa hiyo.

Mwaka 2016 Ndugu Gyumi alivishitaki vifungu hivyo. Tarehe 8 Julai Mahakama Kuu ikaamua kwamba vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikidai kwamba sheria ile ilikuwa maafikiano baina ya mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Gazeti hili ni la Chama, na Serikali iliyokata rufaa ni ya Chama. Hiyo si sababu ya sisi kunyamaza. Rufaa ile haikuwa na lazima, na miaka iliyopita baada ya hukumu hiyo, vifungu vile vikingali vimeandikwa kitabuni, ilikuwa mirefu mno.

Wako wasemao kwamba kijana huyu amelewa sifa za ugenini. Kweli, mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hoja haizidi uzito kwa tuzo, wala haipungui.

Pingamizi iliyo nzito hutoka kwa wazee wetu. Husema: binti aliyekaa nyumbani bila shule atapata mimba, basi heri aolewe kwa heshima. Mzee wa Kongwa asemaye hivyo si mpumbavu, njaa anaijua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hata Aprili, nazo zikikatika mtama hukauka shambani, na ng'ombe wa mahari huonekana kuwa akiba pekee iliyosalia nyumbani. Lakini wilaya hii yajua pia maana ya kuamuliwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa kulima karanga, wasiwasikilize Wagogo juu ya udongo wala mvua. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuvunjika, na mamilioni ya paundi yamepotea. Wazee huicheka habari hiyo. Je, wao wamemsikiliza binti?

Mtu atasema: mbona sheria ya elimu yamlinda? Ndiyo, marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Tena tangu Januari mwaka huo ada iliondolewa hata kidato cha nne, na Novemba 2021 Serikali ikaruhusu wasichana walioacha masomo kwa ajili ya uzazi warudi shuleni. Hizo ni hatua njema. Lakini ulinzi ule wa miaka 30 ni wa mwanafunzi. Binti aliyemaliza shule ya msingi akiwa na miaka 14, asiendelee, si mwanafunzi tena, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwita mtoto. Katika mwanya huo ndipo vifungu vya 1971 vilipomngojea. Ndugu Gyumi aliuona mwanya huo, na ndiyo maana hakutosheka na vitisho vya jela.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanywa Septemba, na waliochaguliwa huanza kidato cha kwanza Januari. Ndiyo miezi ambayo mavuno yamekwisha kuuzwa sokoni Kibaigwa, na watu wa posa wana nafasi ya kutembea. Balozi wa shina anazijua nyumba zake zote kwa majina. Januari ikifika, akahesabu mabinti waliofanya mtihani shinani mwake na wale walioingia sekondari, hesabu zisipolingana anajua mlango wa kubisha hodi. Na kama mlango huo ni wa mwanachama mwenziwe, abishe vivyo hivyo.