Wenye Ulemavu wa Akili: Huduma Nyingi Zahitaji Mratibu Mmoja



Hakuna askari aliyekaa lindoni au kufanya doria kwa miaka mingi ambaye hajapata kukutana na mtu anayeulizwa jina lake akacheka, anayeamriwa asimame akaendelea kutembea, au anayeombwa kitambulisho akatoa jani la mgomba. Askari asiyefundishwa hudhani kwamba anadharauliwa, au amekutana na mlevi, au mtu huyo anaficha jambo. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa upande mmoja pana mtu asiyeielewa amri, na upande wa pili pana mtu mwenye silaha.

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu watu hao, tunaowaita wenye ulemavu wa akili, na namna huduma zao zinavyopaswa kuunganishwa katika vilima na tarafa za Burundi, hususan sehemu za Gitega na Muyinga. Tutaonyesha pia kwamba askari si mtazamaji katika jambo hili. Yeye ni kiungo katika mnyororo wa huduma, na mara nyingi ndiye kiungo cha kwanza.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maana. Mwenye ulemavu wa akili ni mtu ambaye tangu utotoni uwezo wake wa kujifunza, kufahamu na kujitegemea katika mambo ya kila siku ni mdogo kuliko wa wenzake wa umri ule ule. Hali hiyo si wendawazimu. Mgonjwa wa akili aweza kuwa mwalimu au ofisa aliyeugua akiwa mtu mzima, naye akitibiwa aweza kurudia kazi yake. Ulemavu wa akili hauponywi kwa vidonge, lakini mwenye nao hujifunza, hufanya kazi na kupendana na watu, mradi apewe muda na msaada unaolingana na hali yake.

Wala ulemavu huo si laana ya ukoo. Mara nyingine mtoto hukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu mama amechelewa kufika kwa mkunga. Mara nyingine ni malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Mara nyingine mtoto amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, kama Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walivyotangaza mwaka 1959 juu ya watoto wenye hali iitwayo Down. Kifafa nacho huandamana mara nyingi na ulemavu huu, ingawa hayo ni mambo mawili mbalimbali. Huko Kiremba, katika uliokuwa mkoa wa Ngozi, jirani ya Muyinga, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maradhi yaletwayo na tegu wa nguruwe ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kifafa. Uchawi haumo katika hesabu hiyo. Mumo choo, maji safi na nyama iliyoiva vizuri.

Hapana budi pia tutahadhari na kosa jingine. Wapo watoto wengi waitwao wajinga ambao kwa kweli ni viziwi tu. Mjini Muyinga ilijengwa mwaka 2012 maktaba ya matofali ya udongo ulioshindiliwa, iliyokusudiwa kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi wakisoma pamoja na wenzao wanaosikia. Jengo hilo latukumbusha kwamba mtoto lazima apimwe kwanza, ndipo apewe jina la hali yake.

Je, watu hawa ni wangapi? Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi duniani ni takriban mtu 1 katika kila watu 100. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba mkoa wa Gitega ulikuwa na watu zaidi ya 725,000, na mkoa wa Muyinga zaidi ya 632,000. Tukichukua kipimo hicho, basi tangu wakati ule pangeweza kuwako watu zaidi ya 13,000 wenye ulemavu wa akili katika mikoa hiyo miwili. Hao si watu wachache wa kuachiwa huruma ya majirani peke yake.

Sasa tuingie katika kiini cha mazungumzo yetu. Mtu akisema kwamba Burundi haina huduma yoyote kwa watu hawa, hasemi kweli. Viko vituo vya afya, na tangu mwaka 2006 serikali imeweka utaratibu wa matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Wako wahudumu wa afya wa jamii katika vilima. Viko vituo vya maendeleo ya familia na jamii vya wizara inayoshughulikia mshikamano wa kitaifa. Mjini Gitega kiko kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo. Huko Kamenge, Bujumbura, kiko kituo cha magonjwa ya akili na ya fahamu cha Mabruda wa Upendo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Ziko shule, makanisa, misikiti, vyama vya watu wenye ulemavu, na wazee Bashingantahe.

Upungufu ulio mkubwa ni kwamba kila mmoja hushika kipande chake na hakuna anayeviunga vipande. Tuchukue mfano wa mama mmoja katika kilima cha Muyinga, ambaye mtoto wake ana miaka 7, hasemi, na huanguka kifafa. Kituo cha afya champa dawa ya mwezi mmoja. Mwalimu asema mtoto huyu si wa shule yake. Jirani amshauri aende Kamenge, safari ya kilomita zipatazo 200, na nauli hana. Ofisi ya tarafa yamuuliza cheti cha kuzaliwa, nacho hakipo. Kila aliyemjibu amemjibu kwa adabu, na kila mmoja amemwelekeza kwa mwingine. Mwisho mama amechoka. Mtoto afungwa kamba mguuni ili mama apate kwenda shambani. Katika mfano huu hakuna mtu mwovu hata mmoja, lakini mtoto amefungwa.

Basi uratibu ni nini? Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Uratibu wa kweli una mambo manne. La kwanza ni daftari moja katika kila kilima, lenye majina ya wenye ulemavu na haja zao, likitunzwa kwa siri na kwa heshima. La pili ni mtu mmoja anayejulikana katika kila tarafa, ambaye familia ikifika kwake haiambiwi iende kwingine bila ya yeye kuisindikiza au kuipa barua. La tatu ni barua yenye majibu: kituo cha afya kikimpeleka mtoto hospitali, hospitali irudishe habari, ili mhudumu wa kilimani ajue dawa gani ziendelee. La nne ni kikao cha kila mwezi cha afya, elimu, ustawi wa jamii, utawala, wazazi na polisi, kinachotaja watu kwa majina na kuuliza: tuliloahidi mwezi uliopita limefanyika au halikufanyika?

Mawazo hayo si mageni. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 juu ya afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza utengamao wa walemavu ndani ya jamii yao wenyewe, badala ya kuwakusanya katika majumba ya mbali. Mwaka 2010 likatoa mwongozo unaounganisha afya, elimu, riziki, maisha ya jamii na uwezo wa wahusika kujisemea.

Hata Burundi kwenyewe mfano uko. Mwaka 2012 kilifunguliwa mjini Gitega kituo cha Humura kwa ajili ya watu waliotendewa ukatili wa kijinsia. Humura ni neno la Kirundi la kumtuliza mtu aliyejawa na hofu. Hapo mtu hupata tiba, ushauri, msaada wa sheria na polisi mahali pamoja, pasipo kusimulia aibu yake katika ofisi nne mbalimbali. Baadaye mtindo huo wa kituo kimoja ulifikishwa Muyinga pia. Ikiwa iliwezekana kumkutanisha daktari na polisi kwa ajili ya waliodhulumiwa, yawezekana kuwakutanisha kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili, ambao nao hudhulumiwa mara nyingi kuliko wengine.

Jambo hili lina haraka yake. Mpangilio mpya wa utawala, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023 na kuanza kutumika mwaka 2025, umeipa nchi mikoa 5 na tarafa 42. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mipaka ikibadilika, majalada huhama, na mtu asiyeweza kujieleza ndiye wa kwanza kusahauliwa. Lakini ofisi mpya pia huanza na daftari jipya, na huu ndio wakati wa kuandika majina yao ndani yake.

Ndugu askari, mtauliza: sisi tunahusikaje? Sheria yenyewe inajibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Burundi ikauridhia mwaka 2014. Kifungu chake cha 13 kinataka watumishi wa haki, pamoja na polisi na askari magereza, wapewe mafunzo yanayofaa. Tarehe 10 Januari 2018 Burundi ikatunga sheria yake yenyewe ya kukuza na kulinda haki za watu hao. Kumlinda mwenye ulemavu wa akili, basi, ni amri halali kama amri nyingine.

Kazi yenyewe ni ya namna hii. Kwenye kizuizi cha barabarani, mtu asipoitika amri, mwangalie kabla ya kumhukumu. Sema polepole, kwa maneno machache, swali moja kwa wakati mmoja. Shusha sauti, onyesha kwa mkono, mpe nafasi ya kufikiri. Muulize aliye karibu kama anamfahamu. Kituoni, usiyategemee maneno yake ya haraka, kwa maana wengi wao hujibu ndiyo kwa kila swali ili kumridhisha mwenye mamlaka. Ungamo la namna hiyo laweza kumfunga asiye na hatia na kumwachia huru mhalifu. Mwite mzazi au mtu anayemwamini, kisha mpelekee habari mratibu wa tarafa. Na msichana mwenye ulemavu huo akisema ameingiliwa, msimrudishe nyumbani kwa kuwa hajui tarehe wala saa. Mkosaji humchagua yeye makusudi, akitumaini kwamba hakuna atakayemsadiki.

Kwa walio mpakani Kobero, mwafahamu jinsi watu wanavyovuka kuingia na kutoka Tanzania. Mtu aliyepotea huku akishindwa kutaja kilima chake aweza kupelekwa mbali na kwao siku baada ya siku. Kumpigia simu mratibu mmoja kwaweza kumrudisha kwa mama yake kabla ya usiku kuingia.

Tena, askari nao ni wazazi. Wako miongoni mwenu wenye watoto wa hali hii, ambao huwaficha ndani wageni wanapofika. Askari akihamishwa kutoka Gitega kwenda Muyinga, huhamishwa kwa barua moja, lakini dawa, shule na daftari la mtoto hubaki nyuma. Kamanda anayemwuliza askari wake habari za mtoto huyo, na kumpa siku moja ya kumpeleka kliniki, analitumikia jeshi, kwa kuwa askari mwenye moyo uliotulia hulinda vizuri zaidi.

Wenzenu wa mbali wamekwisha kuonyesha kwamba heshima ya sare haipungui kwa kazi hii. Mwaka 1981, mjini Wichita, Marekani, mkuu wa polisi Richard LaMunyon alianzisha mbio za mwenge za askari polisi kwa ajili ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza mwaka 1968. Tangu hapo polisi wa nchi nyingi wameubeba mwenge huo, wakikimbia bega kwa bega na wanamichezo wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba nchi haina fedha. Ni kweli kwamba uratibu hauwezi kuzaa dawa isiyokuwapo ghalani, wala barua nzuri haimfundishi mtoto pasipo mwalimu. Huduma lazima ziongezwe. Lakini dawa iliyopo imfikie anayeihitaji, na mwalimu aliyepo ajue kwamba mtoto yupo. Hilo lahitaji daftari, kikao na uaminifu, na bila ya hayo hata fedha zikija zitapotea njiani.

Ndugu wasikilizaji, kila kituo cha polisi na kila kambi katika Gitega na Muyinga yaweza kuanza kwa swali moja: katika eneo letu, mratibu wa watu wenye ulemavu ni nani, na namba yake ya simu iko wapi? Ikiwa jibu lipo, libandikwe ukutani palipo na zamu. Ikiwa halipo, mkuu wa kituo alidai kwa mkuu wa tarafa kabla ya mwezi kwisha. Usalama wa raia ni usalama wa raia wote, akiwamo yule asiyeweza kulitaja jina lake mwenyewe.