Kizunguzungu cha mja mzito: Dini imemruhusu kuketi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu ndani ya tumbo la mama yake, hatua baada ya hatua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tuzungumzie jambo linalowasibu mama zetu, wake zetu na dada zetu, nao hulinyamazia.

Mfikirie mama mja mzito wa miezi mitano huko Nyamigogo, mkoani Kagera, katika ukanda wa Biharamulo na Ngara. Ameamka alfajiri, ameswali, na kabla hajatia chochote kinywani amejitwisha ndoo na kwenda kuteka maji. Wakati wa kurudi anapanda kilima. Ghafla macho yanaingia giza, masikio yanavuma na miguu inalegea. Anaitua ndoo, anashika mti, anasubiri kidogo, kisha anaendelea na safari. Akifika nyumbani hamwambii mtu. Anachelea kuitwa mvivu. Anachelea kuambiwa kuwa wazee wetu walizaa watoto kumi na walishika jembe hadi siku ya uchungu.

Mama wa namna hii yupo Nyamigogo, yupo Ngara mjini, na yupo hata Dar es Salaam, akiwa amesimama ndani ya basi lililojaa. Yafaa ajue kwamba Mola wake hakumwita mvivu. Katika Surat Luqman, aya ya 14, Allah (S.W.) anataja kwamba mama humbeba mtoto wake katika udhaifu juu ya udhaifu. Ikiwa Kitabu chenyewe kimeushuhudia udhaifu huo, ni nani atakayeuonea haya?

Kwa nini kichwa huzunguka

Tangu miezi ya mwanzo ya mimba, homoni za mwili hulegeza mishipa ya damu ili mtoto apate chakula na hewa. Mishipa ikilegea, shinikizo la damu hushuka kidogo. Mama akisimama kwa haraka, damu huchelewa kufika kichwani, naye huona giza. Ndivyo inavyotokea pia anaposimama mahali pamoja kwa muda mrefu, au anapokaa kwenye joto kali na moshi wa jikoni.

Sababu ya pili ni njaa na kiu. Mama aliyetapika asubuhi, au aliyeshinda kwa kikombe kimoja cha chai, hupungukiwa sukari na maji mwilini. Sababu ya tatu hutokea tumbo linapokuwa kubwa. Akilala chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, akahisi kichefuchefu na kuzimia. Akigeukia ubavu, hasa wa kushoto, hali hiyo humwondokea.

Sababu ya nne ndiyo nzito zaidi katika nchi yetu, nayo ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa takriban waja wazito 57 katika kila 100 nchini Tanzania walikuwa na upungufu huo. Hutokana na lishe isiyo na madini ya chuma ya kutosha, minyoo, mimba zinazofuatana kwa karibu, na malaria. Kwa mkoa wa Kagera malaria si jambo dogo. Utafiti wa mwaka 2007-08 uliwakuta na vimelea watoto 41 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kiwango hicho kimeshuka sana tangu wakati huo, lakini ugonjwa haujaondoka.

La kufanya kinapokuja

Mama akihisi kichwa kinazunguka, asishindane nacho. Aketi papo hapo, hata kama ni njiani, na ainamishe kichwa kati ya magoti. Au alale kwa ubavu wa kushoto. Alegeze nguo iliyombana, apate hewa na anywe maji taratibu. Asiinuke mpaka kipite kabisa, na asiendelee na mzigo.

Ili kisirudi mara kwa mara, aamkapo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Ale kidogo kidogo mara nyingi badala ya kungoja mlo mmoja mkubwa. Kiporo cha muhogo au ndizi moja kabla ya kwenda kuteka maji chaweza kumwepusha na kuanguka. Vyakula vya kuongeza damu havihitaji utajiri: maharage, mchicha, kisamvu, dagaa, na nyama au maini vikipatikana. Avile pamoja na chungwa, papai au nanasi, kwani matunda haya huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai na kahawa huzuia kazi hiyo. Azinywe mbali na mlo. Anayetamani kula udongo asiubugie, bali amweleze mkunga, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuwa na mayai ya minyoo.

Hapa tumkumbuke Bibi Maryam (A.S.). Surat Maryam, kuanzia aya ya 23, inasimulia jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende, naye yu peke yake na mwenye huzuni. Hakuamriwa avumilie kwa njaa. Alionyeshwa kijito cha maji chini yake, akaelekezwa alitikise shina limdondoshee tende mbivu, na akaambiwa ale, anywe na atulize moyo. Hiyo ndiyo huduma aliyoandaliwa na Mola wake katika saa yake ngumu.

Sala na saumu

Wako kina mama wanaoogopa kwamba wakiswali kwa kuketi sala yao haitatimia. Sahaba Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza, aketi, asipoweza, alale ubavu. Hadithi hii ameipokea Imamu Bukhari. Mja mzito anayeona giza akisimama ana ruhusa hiyo hiyo. Anayeweza kusimama asiharakishe: kutulizana katika kila kitendo ni nguzo ya sala, na katika madhehebu ya Imamu Shafii ni sunna kuketi kidogo baada ya sijda ya pili kabla ya kuinukia rakaa inayofuata. Kikao hicho kifupi ni faraja kubwa kwa mwenye kizunguzungu.

Kuhusu saumu, kufunga katika nchi zetu huchukua zaidi ya saa 13. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, kwamba mja mzito na mwenye kunyonyesha wamepunguziwa saumu. Basi anayehofia nafsi yake au mtoto wake na afungue. Katika madhehebu ya Shafii, aliyehofia nafsi yake hulipa siku hizo baadaye. Aliyehofia mtoto peke yake hulipa na kutoa fidia ya kibaba kwa kila siku. Madhehebu mengine yana maelezo yake, na mama amuulize sheikh wake. Ila asifunge huku akianguka, kisha akadhani amejikurubisha kwa Mola.

Dalili zisizongoja

Si kila kizunguzungu ni cha kuketi tu. Mama apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa iwapo amezimia, anatokwa na damu, au ana maumivu makali ya tumbo, hususan ya upande mmoja katika wiki za mwanzo. Vivyo hivyo akiumwa sana na kichwa, macho yakiwa na ukungu, uso na mikono vikivimba, akipata degedege, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa pumzi, au viganja na kope za ndani zikiwa nyeupe. Na akihisi mtoto amepunguza kucheza, asingoje kesho.

Wapo wanaokimbilia kusema ni jini au mkono wa mtu. Dua na kisomo ni haki yetu, lakini Mtume (S.A.W.) ametuamuru pia kutafuta tiba. Asomewe, na apelekwe. Dawa za miti zisizojulikana kipimo chake ziepukwe.

Kliniki ianze mapema, mimba ikiwa changa. Huko atapimwa shinikizo na wingi wa damu, atapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, dawa ya kumkinga na malaria kuanzia wiki ya 14, na chandarua. Vidonge vya chuma hufanya choo kuwa cheusi na huweza kuleta kichefuchefu; hilo lisimfanye avitupe chini ya kitanda, bali amweleze mhudumu.

Neno kwa waume

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukiingia hutoka. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya, wewe unaona haya gani kubeba ndoo? Muulize mkeo leo: je, kichwa kinakuzunguka? Kisha usikilize jibu. Weka akiba nauli ya kwenda hospitali, na ujue mapema ni nani mwenye chombo cha usafiri usiku. Nawe mama mkwe, mkeo mwana akiketi, mletee maji.

Tunamuomba Allah (S.W.) awavushe salama kina mama wote wenye mimba, na awajaalie watoto wema wenye afya. Amin. Wabillahi tawfiq.